Phonie ya Baba Zébédée

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha phonie, Baba Zébédée huvaa koti na kufunga tai. Koti ni la kijivu, limepauka mabegani, na tai anayo moja tu. Huvaa hivyo hata katika miezi ya joto kali, wakati sisi majirani tunakaa barazani na kanga mabegani na kujipepea kwa chochote kilicho karibu. Siku moja mke wake, Mama Salomé, alimwuliza mbele ya watu anamvalia nani tai wakati hakuna anayemwona. Alijibu kwamba sauti yake inaingia nyumbani mwa watu, na mtu mzima haingii nyumbani mwa watu amevaa fulana.

Phonie ni redio ya kuongea. Ya Baba Zébédée ni kisanduku cha chuma kilichokaa juu ya meza sebuleni, kinatumia betri ya gari, na waya wa antena yake unatoka dirishani, unavuka ua mpaka kwenye mti wa avoka, mparachichi ulio karibu na ukuta wetu. Simu za mji wetu wa Kamina zilikufa zamani, tangu mimi nikiwa shule ya msingi, na barua ilikuwa inategemea treni, na treni ilikuwa haitegemei kitu. Ukitaka kujua kama dada yako amejifungua salama huko mtoni Mulongo, ulikuwa unakwenda kwa Baba Zébédée, unakaa kwenye benchi uani, unangoja jina lako.

Yeye si fundi wa redio. Alizaliwa kijijini upande wa mashariki ya Kamina, akasoma shule ya misheni ya Wametodisti, akaajiriwa na Mgiriki mmoja aliyekuwa ananunua samaki wakavu wa Lualaba na kuwapeleka Lubumbashi. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye phonie ya duka na kuuliza bei kwenye vituo vya mtoni. Mwaka 1991, baada ya maduka kuporwa, Mgiriki alifunga sanduku moja la nguo akaondoka. Phonie ilikuwa imeponea chini ya magunia ya chumvi. Mgiriki alimwachia Baba Zébédée, karani wake, naye akaibeba nyumbani kichwani, imefungwa kwa kitenge cha Mama Salomé, kama mtu anayebeba mtoto mgonjwa.

Vituo vya mtoni vilibaki na mashine zao, na wale waliokuwa wakiuza samaki wakaanza kutafutana tena, mmoja mmoja. Huko Kabondo-Dianda alikuwapo Mwanza, mkulima wa muhogo na mnunuzi wa samaki, Mkatoliki, mcheshi, mwenye sauti nzito inayotikisa kioo cha dirisha. Kando ya ziwa moja la mto huo alikuwapo Mama Ève, mjane wa mchungaji, mwenye mashine ya zamani iliyojua frekansi moja tu, yaani mahali pamoja tu pa kukutana hewani, ile ya tangu enzi za Mgiriki. Na Mulongo, kwenye zahanati ndogo, alikuwapo Éliane, binti wa pekee wa Baba Zébédée na Mama Salomé, muuguzi, aliyeolewa na mwalimu aitwaye Esdras na kuzaa naye mtoto mmoja, Divin.

Kwa hiyo phonie ile ilikuwa ya mji mzima, lakini kwanza ilikuwa ya baba kusikia sauti ya mtoto wake.

Aliyewahi kukaa kwenye lile benchi anajua kwamba phonie haina siri. Unaposema, Mulongo wanasikia, Kabondo-Dianda wanasikia, na watu wote uani wanasikia. Nakumbuka mama mmoja wa soko alikuja kumgombeza mumewe aliyekuwa amekwenda kununua samaki asirudi.

"Unasema uko unangoja samaki," alisema huku ameshika mikro, kile kipaza sauti, kwa mikono miwili. "Samaki gani anavaa bikuku na kusuka nywele? À vous!" Ndivyo unavyompa mwenzako zamu ya kusema.

Kisha sauti ya Mwanza ikaingia kutoka Kabondo-Dianda, mbali kabisa na ugomvi ule:

"Mama, bwana wako amekimbia nje. Tumesikia mikro imeanguka pa chini. Lakini sisi bengine tuko tunakusikia muzuri, endelea tu."

Uani watu walicheka mpaka wakashikana. Baba Zébédée hakucheka. Alirekebisha tai yake, akasema, "Ndugu Mwanza, toka kwenye laini." Lakini mabega yalikuwa yanamtikisika.

Na kila asubuhi, maongezi yalipokwisha, walisali. Hii ilikuwa desturi yake tangu phonie iingie nyumbani mwake. Vituo vyote vilirudi kwenye ile frekansi ya zamani, ili Mama Ève naye awemo, na Baba Zébédée aliimba ubeti mmoja wa wimbo, kisha akaomba. Wametodisti wa mji huu hawaombi kwa jumla. Tunafundishwa tangu shule ya Jumapili kwamba maombi ni kumtaja mtu kwa jina lake, shida yake, na mahali alipo. Ukisema tu "Bwana uwasaidie wagonjwa," wazee watakuuliza baadaye ulikuwa unamwombea nani. Baba Zébédée aliomba namna hiyo. Alimtaja anayeumwa jino, alimtaja mwanafunzi anayefanya mtihani, alimtaja aliye safarini, ametoka wapi na anakwenda wapi. Mwisho kila kituo kiliitika amina, kimoja kimoja, na Mwanza aliitika kwa nguvu kuliko wote, akisema Mungu wa Wakatoliki naye anasikiliza.

Vita viliporudi mwaka 1998, hapa mjini tuliviona kwanza kwa ndege. Zilipita juu ya nyumba zikielekea Base, kambi ya jeshi yenye uwanja wa ndege, na wake za askari walianza kuja sokoni wakiwa na macho mekundu. Kisha tuliviona kwa wakimbizi, waliofika kwa miguu kutoka mashariki na masufuria yao kichwani. Huko mtoni, watu wenye bunduki walikuwa leo huku, kesho kule, na wanakijiji hawakujua tena ni wa nani. Walikuwa wanavizia mitumbwi kwenye mafunjo. Walichukua samaki, chumvi, nguo, dawa, na vijana.

Baada ya muda Mwanza alitambua jambo. Mtumbwi uliopita bila habari ulikuwa unafika. Mtumbwi uliozungumzwa kwenye phonie ulikuwa unaviziwa, hata wa Mwanza mwenyewe.

"Banatusikia," alisema asubuhi moja.

"Nani njo anasikia?" Baba Zébédée aliuliza.

"Kama ningejua jina yake ningekuambia, baba. Lakini muntu iko na mashine kama yetu, na anakunywa chai yake akitusikiliza."

Ndipo Baba Zébédée alipoanza kutafuta shimo, mahali habari zilipokuwa zinavujia. Nyumba yetu inapakana na yake, na mwaka ule nilikuwa nimerudi kutoka chuo cha Lubumbashi bila kazi, kwa hiyo mama alikuwa ananituma pale mara kwa mara, na mara nyingi nilibaki kwenye benchi nikisoma hadi nasahau nilichotumwa. Nilimwona akifanya kazi ile. Hakubadilisha kila kitu kwa pamoja. Alisema ukibadilisha yote mara moja hutajua kipi kilikuwa kibovu. Alianza na uani: watu wakangoje nje ya geti, waingie mmoja mmoja, maana huenda mtu wa hapa hapa alikuwa anasikiliza na kupeleka habari. Haikusaidia. Kisha alipunguza nguvu ya mashine na kuushusha waya wa antena, ili sauti isiende mbali zaidi ya inapohitajika. Mulongo wakalalamika kwamba wanamsikia kama mtu aliye ndani ya mtungi, na mtumbwi mwingine ukaviziwa. Kisha akabadilisha saa. Mwisho akabadilisha frekansi.

Hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Utawaambiaje wenzako frekansi mpya kupitia hewa ile ile ambayo adui anaisikiliza? Alikaa na swali hilo muda mrefu, na jibu alilipata kanisani, katikati ya ibada. Kitabu cha nyimbo kina namba. Kila Jumatatu, kwenye sala, angeimba ubeti wa wimbo wowote bila kutaja namba yake. Mwenye kitabu angeutafuta, na namba ya wimbo ingemwonyesha mahali pa kuzungusha kitufe kwa juma zima. Adui angesikia wimbo tu. Alimtuma mtu kwa baiskeli hadi Kabondo-Dianda na kitabu ndani ya mfuko wa unga, na kingine kikaenda Mulongo na muuza samaki.

Mwanza alikipokea kwa malalamiko.

"Minyi nilibatizwa na mapadri," alisema. "Sasa mwanzo wa juma nakaa na kitabu ya Bametodisti natafuta wimbo kama mutoto wa katekisimu. Bibi yangu anafikiri nimegeuka."

"Ukiimba vizuri tutakupokea," Baba Zébédée alijibu.

"Imba kwanza weye mwenyewe vizuri. Ile ya leo nimeitafuta mpaka chai imepoa. Ilikuwa wimbo ao ilikuwa mbuzi?"

Mpango ulifanya kazi. Habari za safari zilipita kwenye frekansi iliyofichwa, na miezi kadhaa hakuna mtumbwi wao uliopotea. Ni kweli pia kwamba katika miezi ile karibu hakuna aliyesafiri, kwa hofu, lakini sisi hatukulifikiria hilo. Tuliona shimo limezibwa. Baba Zébédée alitembea kichwa juu. Hata Mama Salomé, ambaye hapendi kumsifu mbele yake, alituambia sisi wanawake kwamba mumewe amewafunga midomo wenye bunduki kwa kitabu cha nyimbo.

Mwaka 1999, wakati maji ya mto yalipokuwa juu, mapigano yalikaribia Mulongo. Zahanati ilikuwa haina dawa tena. Esdras alikuwa hana wanafunzi. Éliane aliita asubuhi, kwenye frekansi iliyofichwa, na sauti yake ilikuwa ya chini.

"Tata, tunataka kutoka."

"Mutoke," baba yake alisema. "Lini?"

"Esdras amepata pirogi. Kesho, mapema. Tutapanda na mto mpaka kwa mafunjo, tupite ile njia ya maji ya kushoto, ile nyembamba. Ya kuume haiko muzuri."

"Mwanza atawangoja kwenye gati na baiskeli. Umesikia, Mwanza?"

"Bien reçu, nimesikia. Baiskeli tatu. Divin atakaa kwangu mbele, nitamwimbia nyimbo za mbuzi."

Tulimsikia Éliane akicheka. Mama Salomé alichukua mikro kutoka mkononi mwa mumewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mumufunike mutoto kifua," alisema. "Kule ku maji asubuhi kuna baridi. Na weye ukule kitu mbele ya kutoka. Nakujua."

"Wafwako, mama," Éliane alisema. Ndivyo wanavyoshukuru kwa Kiluba, na ndiyo ilikuwa lugha yao ya nyumbani.

Hakuna neno la safari ile lililosemwa nje ya frekansi iliyofichwa. Baba Zébédée aliwafukuza watu wote uani, hata mimi aliniomba niende nyumbani, na nilisikia yale kwa sababu tu dirisha letu liko karibu na lao. Kila kitu alichojua kuhusu usalama wa phonie alikifanya.

Kesho yake asubuhi, Éliane aliita mara moja kusema wako tayari, pirogi, ule mtumbwi, iko majini, anaifunga mashine ya zahanati na kuondoka. Kisha, kama kila siku, wote walirudi kwenye frekansi ya zamani kwa ajili ya sala. Baba Zébédée aliimba. Aliomba. Nilikuwa nafua uani kwetu, na nilimsikia kama nilivyomsikia kila asubuhi, bila kusikiliza sana.

"Ee Bwana, umkumbuke Mama Ève na mguu wake. Umkumbuke mtoto wa ndugu yetu Kabamba aliye na homa. Na leo, Bwana, nawaweka mikononi mwako binti yangu Éliane, na mume wake Esdras, na Divin mtoto wao, wanaotoka Mulongo kwa pirogi asubuhi hii. Uwapitishe kwenye mafunjo, kwenye njia nyembamba ya kushoto. Uwafikishe salama kwa Mwanza."

Mama Salomé aliitika amina kwa sauti. Aliketi pembeni yake, mikono juu ya magoti. Mama Ève akaitika. Mwanza akaitika. Na mimi, mikono ikiwa ndani ya sabuni, niliitika kimoyomoyo.

Mwanza aliwangoja kwenye gati siku ile mpaka giza, na kesho yake, na siku zilizofuata. Kila alipoita alikuwa na maneno yale yale: "Bado." Mama Salomé alikuwa anasimama nyuma ya kiti cha mumewe ameshika mgongo wa kiti. Chakula kilipikwa kikawekwa kikamwagwa. Kisha asubuhi moja Mwanza hakusema "bado". Alisema tu, "Baba Zébédée, mama iko pale? Mutoe nje kwanza."

Mama Salomé hakutoka.

Wavuvi walikuwa wameukuta mtumbwi kwenye njia nyembamba ya kushoto, umepinduliwa kati ya mafunjo. Esdras alikuwa majini karibu yake. Walimzika kwenye kisiwa kidogo cha udongo, maana hawakuwa na namna ya kumleta. Éliane na Divin hawakuonekana, wala majini wala nchi kavu. Wengine walisema wamechukuliwa kwa sababu Éliane ni muuguzi, na wenye bunduki wana majeruhi. Wengine walisema mto ulikuwa umejaa sana. Mpaka leo hatujui.

Wanawake wa kanisa walikuja kukaa na Mama Salomé chini kwenye mkeka. Nilikuwapo. Hakulia kwa kelele. Alikuwa anarudia jambo moja: watu waliojua njia ya kushoto, ukimtoa yeye na marehemu Esdras, walikuwa watatu. Binti yake, Baba Zébédée, na Mwanza.

"Na binti yangu hakujiuza mwenyewe kwa bale ba bunduki," alisema.

Neno lile lilitoka nyumbani likaenda sokoni, na kutoka sokoni likapanda baiskeli. Kabla mvua hazijaisha lilikuwa limefika Kabondo-Dianda. Watu waliacha kumuuzia Mwanza samaki. Mtu alikata mihogo yake ikiwa bado michanga. Alipoita kwenye phonie na kusalimu kwa Kiluba, "Moyo, ndugu yangu," Baba Zébédée alimjibu kwa jina la kituo tu, kama anavyojibiwa mgeni.

Lakini hakuweza kukaa hivyo. Aliniambia baadaye kwamba usiku alikuwa anajiuliza: kama ni Mwanza, kwa nini alikuwa anapoteza mitumbwi yake mwenyewe mwanzoni? Akarudi kwenye kazi yake ya kutafuta shimo, safari hii bila matumaini ya kuokoa mtu yeyote. Kwenye frekansi iliyofichwa, wakati vituo vyote vinasikiliza, alisema kwamba magunia ya chumvi yatapita njia fulani. Hakukuwa na gunia wala chumvi. Nyembo, mkulima mwenye shamba kando ya njia ile, alikaa akiangalia. Hakuna aliyekuja. Kisha akamwita Mwanza peke yake, katika saa ambayo hakuna mwingine hewani, akampa uongo mwingine ambao hakumpa mtu yeyote duniani. Nyembo akaangalia tena. Hakuna aliyekuja.

Alimweleza mke wake.

"Anajua unamjaribu," Mama Salomé alisema, na akaendelea kuchambua maharage.

Baba Zébédée alikagua waya wote kwa vidole, kuanzia betri hadi kwenye avoka. Alifungua kisanduku, akapuliza vumbi, akakifunga. Nilimwona akiwa amekaa mbele yake, mikono imelegea, ametazama kile kitufe cha frekansi kama mtu anayetazama uso wa mtu anayemficha jambo. Frekansi iliyofichwa ilikuwa nzima. Saa zilikuwa nzuri. Mwanza alikuwa safi, au alikuwa mjanja kupita kiasi. Hapakuwa na kitu kingine cha kujaribu.

Aliendelea kusali. Ni lazima niseme hili, kwa sababu watu walifikiri angeacha. Kila asubuhi, kwenye ile frekansi ya zamani, aliimba kwa sauti iliyokatika na kuwaombea watu. Éliane na Divin aliwataja kila siku. Wasafiri hakuwataja, kwa sababu hakuna aliyesafiri.

Asubuhi moja, mama alikuwa amenituma kuuliza habari za mjomba wangu, na nilikuwa nimeketi kwenye benchi. Mlango wa sebule ulikuwa wazi. Baba Zébédée alimaliza sala yake, akaachia kitufe cha mikro ili vituo viitike. Mama Ève aliitika. Mwanza aliitika, kwa sauti ndogo, kama alivyokuwa siku hizo. Kisha sauti ya tatu, ambayo hatukuijua, ikaingia.

"Amina, baba."

Ilikuwa sauti ya mtu kijana. Ilikuwa karibu sana na safi, kana kwamba alikuwa ameketi pamoja nasi.

"Nani uko hapo?" Baba Zébédée aliuliza.

"Mukristo mwenzako. Tuko tunasali na weye kila asubuhi, hata kama hautuoni. Lakini siku hizi sala yako imekuwa fupi. Hautaji tena bale ba safari. Bale ba pirogi uliwaombea muzuri sana, mpaka na njia ukatuonyesha. Taja basi wengine, baba. Tuko na njaa."

Kulikuwa na mtu mwingine nyuma yake anayecheka. Kisha wakatoka.

Nilikuwa nimesimama mlangoni bila kujua nimefikaje pale. Mama Salomé alikuwa ametoka jikoni na mwiko mkononi. Baba Zébédée hakugeuka. Alizima phonie, akafungua tai, akaivua, akaikunja ndogo, akaiweka juu ya kisanduku. Nilitegemea Mama Salomé apige yowe. Hakupiga. Alikaa kwenye kiti chake cha kila siku, kile cha pembeni, akasema:

"Na minyi niliitika."

Nilirudi nyumbani. Nilimwambia mama kwamba mjomba hakupatikana.

Baba Zébédée alikwenda Kabondo-Dianda. Aliazima baiskeli na kwenda mwenyewe, mzee wa umri ule, kwenye barabara ambayo hata malori yanaikataa. Hakutaka kuyasema hewani, na hakutaka kumtuma mtu. Alirudi akiwa mwembamba, na miguu imevimba. Mwanza alikuwa amempokea uani, mbele ya mke wake na majirani, na Baba Zébédée alikuwa amesema mbele yao wote kwamba aliyetaja njia ya kushoto ni yeye, kwa kinywa chake, akimwomba Mungu. Mwanza alikuwa amemsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amekonda pia. Hakufanya mzaha wowote.

"Minyi nilikuwa natafuta nani ametuuza," Mwanza alikuwa amesema. "Nilishuku mpaka bibi yangu. Na minyi nilisikia ile sala. Sote tulisikia. Hakuna hata mumoja aliyesema, baba, nyamaza."

Kisha alimpa chakula, na maji ya kuoga, na kitanda chake mwenyewe.

Jumapili iliyofuata, Baba Zébédée alisimama kanisani kwetu wakati wa matangazo na kusema yale yale. Watu walitazama sakafu. Mchungaji akatangaza wimbo. Neno lile likapanda tena baiskeli, likaenda polepole kuliko lile la kwanza, na sijui kama limefika kila mahali lile la kwanza lilipofika. Wapo bado wanaosema Mwanza si mtu wa kuaminika, na ukiwauliza kwa nini, hawakumbuki.

Phonie bado inafanya kazi. Namba ya wimbo bado ndiyo inayosema frekansi ya juma, lakini wimbo wenyewe siku hizi unapelekwa na watu wa baiskeli. Frekansi ya zamani haina sala tena. Mama Ève, mwenye mashine ya frekansi moja, anaitwa pale kila asubuhi, anaulizwa habari za mguu, anaambiwa kwaheri. Aliuliza mara moja tu kwa nini hawaombi. Baba Zébédée alimwambia mashine ina hitilafu. Ukiacha ule wa kumjaribu Mwanza, ni uongo wa pekee niliowahi kumsikia akimwambia mtu asiye adui.

Watu wanaotoka mtoni huulizwa na Mama Salomé kama wamemwona muuguzi mwenye mtoto wa kiume, mweusi, mwenye kovu dogo juu ya nyusi. Anawauliza wanapoingia getini, kabla hawajaketi. Wengi wanasema hapana. Mmoja alisema labda. Alimpikia mtu huyo kuku.

Mimi si mtu wa maswali. Nimekaa kwenye lile benchi miaka hii yote nikisikiliza watu wengine, na mara nyingi nimebeba kitabu ili nisilazimike kusema. Lakini juzi mvua ilitufungia sebuleni kwao, mimi na Baba Zébédée, Mama Salomé alikuwa amelala, na phonie ilikuwa imefunikwa kitambaa. Nilikuwa na swali moja, na niliona kwamba nisipouliza siku ile sitauliza tena.

"Baba," nilisema, "bado unamwombea Éliane kwa jina lake?"

"Ndiyo," alisema. "Lakini nazima phonie kwanza."